Picha za Ijumaa katika Duka la Vitenge, Nyawera

Kituo cha Polisi, Komini ya Ibanda, Bukavu
Maelezo ya shahidi, yamepokelewa Jumamosi tarehe 12 Oktoba 2024, kuanzia saa 9h10

Jina: Chadia Kassim
Umri: miaka 37
Kazi: mfanyabiashara wa vitenge
Makao: Nguba, Bukavu
Lugha: Kiswahili

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu, mbele ya afisa wa upelelezi, OPJ Apollinaire, mambo ninayoyajua kuhusu yaliyotokea jana dukani kwetu. Saa ninazotaja za ndani ya duka ni zile zilizoandikwa kwenye picha za kamera.

Duka ni letu wawili, mimi na kaka yangu Usman Kassim, mwenye miaka 45. Marehemu baba yetu ndiye aliyelianzisha. Lina mlango wa mbele unaotazama barabara, na mlango wa nyuma unaotokea kwenye kichochoro. Funguo za mlango wa nyuma ni mbili: moja ninayo mimi, nyingine anayo Usman. Kila Ijumaa tunafunga saa 12h00 na kufungua tena saa 14h00. Usman anakwenda kusali musikitini, mimi narudi nyumbani.

Mama yetu aliitwa Zabibu Abedi. Tulikuwa tunakaa Uvira. Mwezi wa kumi mwaka 1996, vita ilipofika, baba alinipandisha kwenye lori la kuja Bukavu pamoja naye, nikiwa na miaka tisa. Nafasi haikuwapo kwa wote. Mama na Usman walibaki, wafuate kwa miguu. Usman alitufikia baada ya siku kumi na moja, akiwa peke yake. Alikuwa na miaka kumi na saba. Alisema mama alikufa njiani karibu na Luvungi na kwamba alimzika kwa mikono yake. Tukamsomea dua. Sikumuuliza zaidi, wala siku hiyo wala baadaye.

Mnamo tarehe 9 Agosti mwaka huu, siku ya Ijumaa, nilirudi dukani saa 13h50, kabla ya Usman. Nilikuta juu ya meza kitenge cha kijani kimekunjwa. Mimi na Usman tunakunja mara mbili. Hicho kilikuwa kimekunjwa mara tatu, na pindo limeingizwa ndani. Mama ndiye alikuwa anakunja hivyo. Sijaona mtu mwingine akikunja hivyo tangu utoto wangu. Usman alipofika nilimuuliza. Alisema ni yeye, lakini hakuinua uso.

Ijumaa iliyofuata vilikuwa vitenge vitano. Ile ya tatu niliingia mapema zaidi, saa 13h40. Nilikalia kiti kidogo cha nyuma ya meza, nikakuta kina joto. Mulikuwa na harufu ya moshi wa kuni, na hatujawahi kupika ndani ya duka. Nilisimama mlangoni na mkoba begani mpaka Usman akaja.

Hakuna kilichopotea. Hilo ndilo lililoniogopesha. Mwizi anachukua, lakini huyu alikuwa anapanga.

Nilimwambia Usman tuweke kamera. Alikataa wiki mbili, kisha akakubali. Tulimwita fundi Delphin, ambaye kazi yake ni kufunga kamera katika maduka ya mjini. Alitueleza kwamba kuna njia mbili. Ya kwanza, picha zinakaa ndani ya sanduku la kurekodi, na sanduku linakaa dukani. Lina batri yake, halihitaji mtandao, na umeme ukikatika linaendelea. Ubaya wake ni kwamba anayelifikia sanduku anaweza kulibeba, au kufuta picha. Njia ya pili, picha zinapanda kwa mtandao na kutunzwa kwenye mashine za mbali, na mimi naweza kuzitazama kwenye telefone popote nilipo. Mtu akiingia dukani hawezi kuzigusa. Lakini koneksio ikikatika, kamera inakuwa kipofu.

Mimi nilitaka njia ya pili. Usman alisema: "Sipendi mambo ya nyumba yetu iende kukaa kwa watu wenye hatujue." Nilimheshimu kama mkubwa wangu. Tarehe 9 Septemba Delphin alifunga kamera mbili na sanduku. Namba ya siri ya kulifungua tulipewa mimi na Usman tu.

Ijumaa ya tarehe 13 Septemba nilitazama picha baada ya kazi. Duka linaonekana tupu hadi saa 12h19. Kisha ghafla ni saa 13h36. Katikati hamuna kitu. Picha ya kabla na ya baada ni duka lilelile, ila kiti kidogo kimesogea upana wa kiganja, na vitambaa vimepangwa upya. Tarehe 20 ikawa vilevile. Tarehe 27 vilevile. Nyumbani nilianza kulala na taa imewashwa. Niliwaza kwamba kuna kitu kinachokuja kukaa kwenye kiti chetu, na kwamba hata mashine haiwezi kukitazama.

Tarehe 30 Septemba nilimwita Delphin bila Usman kujua. Alikagua sanduku, akaniambia: "Maman, hii masini haikuzimika. Iko mutu mwenye alifuta. Na alikuwa na namba."

Nilijua namba yangu sikuitumia. Bado sikutaka kumalizia wazo hilo. Nilimwomba Delphin abadilishe kamera ya juu ya mlango, aweke yenye kutuma picha kwa mtandao pia, ifanane na ile ya kwanza. Ina kipokea sauti. Alificha kifaa cha mtandao nyuma ya robota la juu la vitenge. Alinikumbusha kwamba kifaa hicho hakina batri.

Tarehe 4 Oktoba umeme haukuwapo tangu asubuhi, kwa hiyo kwenye telefone sikuona kitu.

Jana, Ijumaa tarehe 11 Oktoba, nilikwenda Kavumu kuchukua mzigo uwanja wa ndege. Nilimuaga Usman saa 9h30. Saa 12h15 nilikuwa nimekaa kwenye kibanda cha chai kando ya barabara, na telefone mkononi.

Saa 12h24 mlango wa nyuma ulifunguka. Aliingia Usman. Alikuwa anamshika mkono mwanamke mzee, mwembamba, mwenye kitambaa cheupe kichwani. Alimkalisha kwenye kiti kidogo na kumwekea vitenge mapajani. Mwanamke akaanza kukunja. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha pindo ndani.

Niliiona mikono kabla ya kuuona uso. Nilijua. Chai ilikuwa mbele yangu na watu walikuwa wananunua nyanya, na mimi nilikuwa namtazama mama yangu aliyezikwa tangu miaka ishirini na minane.

Saa 12h47 aliacha kukunja, akainua uso moja kwa moja kuelekea kamera. Nadhani alikuwa anatazama taa yake ndogo. Akasema: "Kassim, mutoto iko wapi?"

Kassim ni jina la baba yetu. Usman alijibu bila kugeuka, kama mtu aliyezoea swali: "Iko nalala."

Mwanamke akasema: "Mumufunike. Kuko baridi."

Saa 12h51 picha ilikatika. Niliita telefone ya Usman mara nyingi, haikujibiwa. Niliuacha mzigo na kupanda gari la kwanza la Bukavu.

Nilifika Nyawera saa 14h30. Mbele ya duka mulikuwa na watu wengi, na mawe barabarani. Fundi wa nguo anayefanya kazi ng'ambo ya barabara, papa Ignace, alinishika mkono akanivuta pembeni. Alinieleza kwamba saa 13h10 aliona mwanamke mzee anatoka kichochoroni, upande wa duka lililofungwa kwa kufuli, anatembea katikati ya barabara na kitenge kisichokatwa kinaburuta nyuma yake. Watu walimuuliza anatoka wapi, akaonyesha duka. Mtu mmoja akasema ni mulozi, yaani mchawi. Usman alitoka mbio bila viatu, akamkumbatia na kupaza sauti kwamba ni mama yake.

Neno hilo ndilo lililoharibu. Majirani wote wanajua kwamba mama yetu alikufa. Baba aliwaambia, na mimi pia nimewaambia. Walisema basi Usman anafuga maiti ndani ya duka ili ivute wateja. Wakaanza kurusha mawe. Usman alimlaza mwanamke chini na kumlalia juu. Papa Ignace alisema kwamba yeye hakurusha, na pia kwamba hakuzuia. Polisi walifika na kuwaleta wote wawili hapa kituoni.

Nilifika hapa saa 15h00. Usman alikuwa na jeraha kichwani lililofungwa bandeji. Niliruhusiwa kuzungumza naye mbele ya OPJ. Alisema: "Chadia, sikumuzika. Nilimuacha."

Alieleza kwamba karibu na Luvungi miguu ya mama ilivimba, akashindwa kutembea. Risasi zilikuwa zinasikika nyuma. Mama alimwambia akimbie, naye akakimbia. Alipotufikia hakuweza kumwambia baba kwamba amemwacha hai, ndiyo sababu akasema amemzika. Mwezi wa tatu mwaka huu alikwenda kuuza vitenge sokoni Luvungi. Mwanamke mzee alikuja kwenye meza yake na kuanza kukunja vitambaa mara tatu, pindo ndani. Watu wa pale walimwambia asimfukuze, kwamba ni mgeni wa nyumba ya papa Aloys, mkulima aliyemwokota wakati wa vita na kukaa naye miaka yote. Mama mwenyewe hakujua jina lake wala kwao. Tangu mwisho wa Julai Usman amemwekea chumba Bagira, hapa mjini, kwa mwanamke anayeitwa maman Noëlla, anayemtunza na kupika kwa kuni. Kila Ijumaa, nilipokuwa nimerudi nyumbani, alimleta dukani, kwa sababu akiwa na vitambaa mikononi anatulia na kusema maneno machache. Kisha alifuta picha. Jana alikwenda chumba cha nyuma kusali, na mama akatoka.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alisema alikuwa anangoja mama anitaje kwa jina, ili yeye asije kwangu mikono mitupu.

Nimekabidhi telefone yangu kwa OPJ. Picha zilizotunzwa kwa mtandao zinaonyesha kuanzia saa 12h24 hadi 12h51 kwamba mwanamke huyu aliingia kwa mlango, kwa miguu yake, akishikwa mkono na mwanawe. Umeme ulipokatika, sanduku la dukani liliendelea. Jana Usman hakupata nafasi ya kufuta, na picha za sanduku zinaonyesha mwanamke huyo akitoka peke yake saa 13h06, Usman akiwa anasujudu chumba cha nyuma. Delphin amezitoa mbele ya polisi. Naomba zionyeshwe kwa mkuu wa mtaa na kwa majirani. Mwanamke huyu ni mtu mzima, yu hai, anapumua, anakula. Jana alikula ndizi mbili hapa kituoni.

Nilikaa naye kwenye benchi. Aliishika mikono ya nguo yangu, akaisugua kwa vidole kuona ni kitambaa gani. Aliniuliza mimi ni mutoto wa nani. Nikasema wa Zabibu. Aliendelea kukisugua kitambaa, kisha akasema: "Simujue."

Ni hayo tu niliyoyaona na kuyasikia. Nimesomewa, sikuongeza wala kupunguza, nami natia sahihi.

(Sahihi) Chadia Kassim

Maandishi ya OPJ: Maelezo yamefungwa saa 11h25. Papa Aloys wa Luvungi amepatikana kwa telefone na amethibitisha. Usman Kassim anaachiliwa leo. Waliorusha mawe wanaendelea kutafutwa. Mwanamke mzee amekabidhiwa kwa shahidi. Kabla ya kuondoka, shahidi aliulizwa kama anafungua mashtaka yoyote juu ya kaka yake. Alijibu, na aliomba iandikwe kama alivyosema: "Andika hapana. Lakini usiandike kama nimemusamehe."

(Sahihi) OPJ Apollinaire