Bomba Ulilolikata Juu ya Jiko

Kanyakine, Meru
19 Februari 1989

Mpendwa kaka Thuranira,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe, shemeji Ciakuthii na watoto mko wazima huko Kisumu, na kwamba ile malaria ya shemeji imemwachilia. Mama analalamika magoti, lakini kanisani bado anakwenda kwa miguu yake. Mvua haijaanza, shamba la maharagwe tumeshaliandaa.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Juzi Ijumaa fundi Riungu alirudisha lile bomba la hewa la sinki. Alitoboa ukuta wa jiko, akaliunga na bomba la maji machafu, akalipandisha nje mpaka juu ya mabati. Nilimwaga ndoo nzima kwenye sinki, maji yakashuka kimya, bila ule mlio wa kukoroma. Harufu imekwisha.

Utakumbuka kwamba Riungu alikuwa ameliweka tangu nyumba inajengwa. Ulipokuja Agosti ulilitazama kutoka barabarani, ukasema linafanana na bomba la choo cha shimo. "Mnataka watu waseme kwa kina Thuranira kunapikwa chooni?" Riungu akakueleza kwamba maji yakishuka lazima yapate hewa, la sivyo yatafyonza yale yanayobaki kwenye kona ya bomba chini ya sinki, na hayo ndiyo yanayozuia harufu ya shimo isipande. Ukamcheka. "Fundi, hewa yote hii ya Mlima Kenya haitoshi sinki moja?" Ukapanda ngazi mwenyewe na msumeno, ukalikata, ukaziba tundu kwa saruji.

Tangu hapo jiko lilinuka. Mke wangu Nelius alisugua sakafu, alisugua kuta, alimwaga maji ya moto na dawa ya choo mpaka vidole vikachubuka. Ilifika mahali akawa anakula nje.

Halafu ikaja Krismasi yako. Wazee wa kanisa wakiwa mezani, harufu ikapanda, ukaweka kijiko chini. "Shemeji Nelius, kwani huko kwenu Embu vyombo huoshwa Pasaka kwa Pasaka?" Watu walicheka, kaka. Hata mama alificha mdomo kwa leso. Nilipoanza kueleza habari ya bomba, ukanikata: "Kithinji, mtetee mkeo tukishakula." Wakacheka tena.

Nelius alitoa vyombo, akaviosha, akavifuta kimoja kimoja. Kesho yake asubuhi alimbeba binti yetu Kiende, akaenda kwao Kanja, huko Embu.

Jana nilimfuata. Nilidhani akisikia bomba limerudi atafunga mzigo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sinki mmelitafutia dawa. Na mimi?" Kiende ameanza kutembea. Aliponiona alikimbilia nyuma ya sketi ya mama yake, kama ameona mgeni.

Kwa hiyo usitume sukari wala leso, hazitapokelewa. Nelius anataka wewe uliyesema useme kwamba nyumba ilinuka kwa mkono wako, na useme kwenye meza ile ile, mbele ya wale waliocheka. Leo kanisani nimewaalika wote kwa Jumapili ya Pasaka. Nimewaambia ni wewe unayewaita.

Ukija, atakuja. Usipokuja, nitayasema mimi mbele yao, kisha nitahamia Kanja kwa wakwe zangu, na mama utamchukua wewe. Najua watu wa hapa watasema Kithinji ameolewa. Waache waseme. Mama nimemwambia, na tangu jana hajamaliza chakula.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Mama anakusalimu, na anauliza kama utakuja. Mungu awalinde huko, na akufungulie njia ya nyumbani.

Ni mimi ndugu yako, ninayekupenda bado,
Kithinji