Radhi Niliyoikataa kwa Ajili ya Albamu ya Waingereza

Sumbawanga,
Jumanne jioni

Mama yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana najua ile ya kwanza umeipokea umekunja uso. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaitumia, au umeiweka kabatini pamoja na zile nyingine? Na kwaya ya akina mama, bado mnagombania nani asimame mbele? Nataka kusikia yote.

Mimi ni mzima kabisa. Baridi ya huku mwezi huu haina adabu, upepo unapita hadi chini ya mlango, lakini ulezi umevunwa vizuri na mama mwenye nyumba wangu kila asubuhi ananigongea na kikombe cha uji. Nimenenepa. Kwa hiyo aliyekuambia kwamba nimekonda kwa mawazo na aibu ni mwongo wa wazi.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema, "Mama, sikiliza," wewe unajibu, "Sikiliza wewe," na salio linaishia hapo. Mjomba amenifikishia ujumbe wako: kwamba nimewapigia watu wa Rukwa muziki wa kishetani redioni, kwamba mkoa mzima umekasirika, na kwamba niombe radhi haraka au nifungashe virago nirudi Mbeya. Ameongeza na "asiyesikia la mkuu huvunjika guu," na hilo najua ni lako, mjomba hajui methali. Mama, guu langu ni zima. Sasa nisikilize mpaka mwisho.

Unajua kipindi changu ni cha Jumapili mchana, muziki na salamu. Watu wa huku wanapenda salamu kuliko hata muziki wenyewe. Kila kijiji kina klabu yake, na mwenyekiti wake, na majina wanayojipa. Wimbo ukicheza kidogo tu, mtangazaji anaukata, anasoma: fulani wa Muze anamsalimu fulani wa Ilemba, ujumbe wake unasema wema hauozi. Kisha wimbo unarudi. Ndivyo kazi inavyofanyika, na mimi mwenyewe nimekata nyimbo mpaka mkono umezoea.

Sasa kuna albamu moja ya bendi ya Waingereza, ya roki, ya zamani, kabla sijazaliwa. Kila ninaposoma mtandaoni watu wakipanga albamu bora za dunia, naikuta hapo juu, imekaa kama mwenye nyumba. Nikaikuta pia kwenye kompyuta ya redio yetu, imeachwa na mtangazaji aliyehama. Nikaisikiliza nyumbani huku naosha vyombo. Mama, sikuipenda yote. Kuna mahali gitaa linalia mpaka unataka kulipatia kitu cha kula. Lakini kuna wimbo wa nne, kinanda na sauti ya mwanamume anayeimba kama anaongea na mtu aliye chumba cha pili, ule ulinifanya niache sahani kwenye maji nikae chini.

Shida ni kwamba nyimbo zile zimeunganishwa. Mmoja haujaisha, mwingine umeshaingia. Ukikata kusoma salamu umeharibu. Basi nikatangaza: leo tunasikiliza albamu nzima bila kukata, salamu zote nitazisoma baadaye, na kila mtu apige simu aseme ameionaje. Nikaona nimefanya jambo la maana sana.

Sikujua kwamba siku ileile kule Muze, Mama Leokadia alikuwa na sherehe. Huyu ndiye mwenyekiti wa klabu ya salamu ya Muze, bibi mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. Mjukuu wake alikuwa amepata komunyo ya kwanza asubuhi. Wageni wamekaa, pombe imechujwa, redio imewekwa juu ya meza na kitambaa cheupe, wote wanasubiri jina la mtoto lisomwe. Badala ya jina la mtoto, kikatoka kilio cha gitaa. Wakangoja. Kikaendelea. Mtoto, naambiwa, alianza kulia naye.

Mama Leokadia alikuwa wa kwanza kupiga simu. "Wewe binti," akasema, "huu ni muziki au mmefungia mtu ndani?" Nikamwomba radhi palepale kwa ajili ya salamu zake, nikasoma jina la mjukuu wake mara mbili, na ya wageni wake wote mmoja mmoja. Hilo lilikuwa kosa langu na nililimaliza siku ileile. Shika hilo, Mama, kwa sababu mjomba hakukuambia.

Baada yake simu hazikukoma. Dereva mmoja alipiga kutoka Kasesya, yuko kwenye foleni ya malori kuvuka kwenda Zambia. Akasema amezima injini ili asikie vizuri, na tangu aanze kazi ya udereva hajasikia kitu kinachofanana na barabara namna hiyo. Hajamaliza, nikasikia mwenzake anapiga kelele kutoka lori la pili: "Mwambie azime! Mwambie atuwekee dansi!" Wakagombana wao kwa wao kwenye simu yangu, hewani, mpaka simu ikakatika. Mzee mmoja wa karibu na mji akasema ngoma ni nzuri, inakwenda kama watu wanaopura ulezi, ila kuna mpigaji mmoja anachelewa makusudi ili aonekane. Kijana wa Ilemba akaandika, "Dada, mshikaji wa gitaa ni noma, rudia." Katekista mmoja akauliza kwa upole kama Waingereza hao walikuwa na msiba. Na mtumishi mmoja wa serikali, mtu wa Mbeya kama sisi, akapiga kusema kwamba albamu hii imesifiwa dunia nzima, na asiyeipenda hajui muziki.

Huyo alinichefua kuliko wote. Dunia nzima ipi? Muze walikuwa hawajaulizwa. Nikamwambia, "Kaka, leo ndiyo tunawauliza." Akakata simu.

Mimi, Mama, nilitoka studio nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kazini. Watu walisikiliza. Hata waliochukia walisikiliza mpaka mwisho, maana walijua kuchukia wimbo upi. Mtu hasemi mpigaji wa ngoma anachelewa kama amefunika masikio.

Lakini Jumatatu meneja wetu, Bwana Sikazwe, akaniita. Si mtu mbaya, ana hofu tu. Akasema klabu mbili zimelalamika, na kwamba Jumapili inayofuata nifungue kipindi kwa kuomba radhi. Nikamjibu, kwa salamu nimeshaomba. Akasema si salamu. Anataka niombe radhi kwa albamu yenyewe, niseme redio ilikosea kuwapigia wananchi muziki usiowafaa, na kwamba hautarudiwa. Nisipofanya hivyo, kipindi atapewa mwingine. Nikamuuliza nani kasema hauwafai. Akaniambia, "Atupele, watu wa huku si wa muziki huo. Hawauelewi."

Nilikaa na neno hilo wiki nzima kama punje ya mchanga kwenye ugali. Kila nikitafuna naikuta. Nakipenda kipindi hiki, Mama, siwezi kukudanganya. Wakininyang'anya nitaumia. Ndicho kitu pekee nilichokipata huku bila kushikwa mkono na ndugu. Na wakati huohuo redio ikawa inatangaza kila siku, asubuhi na jioni: Jumapili, kaa mkao wa kusikiliza radhi kutoka kwa mtangazaji wetu. Simu ya mjomba nayo ikaja katikati ya hayo. Kwa hiyo nilikuwa na meneja upande mmoja na wewe upande wa pili, nyote mnanitaka nipige magoti.

Jumapili ilipofika nikavaa lile gauni la bluu ulilonishonea. Bwana Sikazwe akasimama nje ya kioo, mikono nyuma. Nikafungua kipaza sauti, nikawasalimu wasikilizaji, nikasema: "Mliahidiwa kwamba nitaomba radhi. Kwa waliocheleweshewa salamu, nilishaomba na naomba tena. Kwa kuwapigia albamu ile, siombi. Mliisikiliza, mkaipima, mkagawanyika, na mliyoyasema yalikuwa ya watu wanaoelewa. Aliyeudhika anipigie aniambie mwenyewe." Bwana Sikazwe alishika kitasa cha mlango.

Simu ikalia kabla hajakizungusha. Ilikuwa Muze. Mama Leokadia. Nikajua nimekwisha.

"Wewe binti wa Mbeya," akasema, "mimi wiki nzima nasikia redio inatangaza radhi. Radhi ya nani?"

Nikamwambia, "Yako, Mama, na ya wengine walioichukia albamu."

"Nani kakutuma uniombe radhi? Salamu zangu ulisoma, tumemaliza. Muziki nilisema mbaya. Sikusema sijaelewa. Nimeelewa, ndiyo maana nikasema mbaya. Na bado nasema ni mbaya, isipokuwa huo wa nne."

Nikauliza, "Wa nne, Mama?"

"Huo wa yule baba anayeimba taratibu. Wote walikuwa wanalia kama wamenyimwa kula, yeye peke yake ndiye alikuwa na neno la kusema. Sasa mkiomba radhi ndio hamtaupiga tena, na mimi mjukuu wangu namwambia nini? Anauimba huko nje na mbuzi. Uurudie. Ukiisha, ndipo usome salamu zangu. Usiukate."

Nikaurudia. Sikuukata. Nilipoinua macho, Bwana Sikazwe alikuwa ameachia kitasa, anajikuna shingo. Tangu siku hiyo hajaniambia ndiyo wala hapana. Leo asubuhi nimeingia kazini, nimesoma matangazo ya vifo na ya mifugo iliyopotea, na hakuna aliyenizuia mlangoni. Akininyima kipindi, nitakuwa nimenyimwa nikiwa nimesimama. Mbeya nitakuja Krismasi, kama mgeni, nile kuku. Kurudi kwa kufukuzwa na albamu, hapana.

Nisalimie Baba, mwambie redio yake ndogo asiitengeneze mwenyewe, atapigwa na umeme. Nisalimie mdogo wangu kitindamimba na mitihani yake. Msalimie shemeji aliye dukani, na bibi mzaa baba, mwambie ulezi wake unakuja na basi la Ijumaa, mfuko mzima. Mjomba naye msalimie sana, kisha umuulize kama ameisikiliza albamu hiyo hata dakika moja, ukae kimya uone anavyokohoa.

Ndani ya mfuko wa ulezi nimefunga flashi kwenye kitambaa. Ni albamu yote, mwanzo mpaka mwisho. Mwambie mdogo wangu akuwekee siku ambayo huna kwaya, ukae, uisikilize bila kuikata. Ukimaliza, ichukie ukitaka, Mama, nitakuheshimu. Lakini ichukie kwa masikio yako mwenyewe, halafu unipigie uniambie ni wimbo wa ngapi.

Binti yako,
Atupele