Sauti ya Baba Iko kwa Kampuni

Mdogo wangu Mwanaesha,

Amani ya Mungu ikufikie hapo Koyama, wewe na Mama na watoto. Mguu wako vipi, uvimbe umeshuka? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu ukipokea tu, Mama husogea karibu, na hili sitaki alisikie hivyo.

Unaniuliza kila mara, ziko wapi zile sauti za Baba? Mama yumo edani, anataka kumsikia mumewe. Mwanaesha, sizipati.

Kazi yangu unaijua. Daktari wa huku Uingereza akipata mgonjwa wa kwetu asiyejua Kiingereza, alikuwa ananipigia nami nawafasiria, nimekaa jikoni na chai yangu. Kisha kampuni iliyoniajiri ikataka kuifunza mashine Kibajuni chetu, nikaambiwa niwatafutie wazee wenye lugha iliyonyooka. Nani tena kama Baba? Ukamshikia simu barazani akisema sentensi walizotaka, na kila akimaliza moja inakwenda kwao, kwako haibaki kitu. Tukamwita mwalimu wa mashine, naye akaringa wiki nzima.

Sasa mashine imehitimu. Inawafasiria wagonjwa yenyewe, mimi nimeambiwa ahsante na kwaheri. Hilo ningelimeza, kazi hutafutwa. Lakini nilipoomba sauti za marehemu, msichana wa ofisini, mwenye adabu zake, alinijibu kwamba Baba alikubali ziwe mali yao, na tena zimeshachanganywa na za watu wengine. Nikamwambia mama yangu ni mjane, sentensi moja tu itamtosha. Akasema anasikitika. Nikaipigia hiyo mashine yenyewe, nikaisemesha. Ilinijibu vizuri, matamshi yetu kabisa, wala si Baba. Nililia kama mtoto, nakwambia bila haya.

Ninayo moja. Zilizokataliwa zilikuwa zinarudi kwangu nizikague, na hii niliiweka kwa sababu ilinichekesha. Alitakiwa aseme, "Nina maumivu ya kifua." Badala yake anakohoa, halafu anakugeukia wewe: "Hapa nanena na mchu au nanena na kidude? Kama Lali yuwasikia, mwambie aye. Mie sina siku nyingi." Chini yake wameandika: haifai, msemaji ametoka nje ya sentensi.

Alikuwa ananiita nije, nami wakati ule nilidhani ni mzaha wake.

Nimekutumia kwenye simu yako. Isikilize kwanza peke yako, ukiona Mama ataistahimili, mpe. Nisalimie mjomba wetu fundi wa mashua, na shangazi wa Chula aliyekuja kukaa na Mama, Mungu amlipe. Watoto wabusu.

Na Mama akiisikia akakuuliza kwa nini sikuja, mwambie nilikuwa kazini.

Kakako,
Lali