Upinde Hauna Pindo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke kabla hujafika mwisho, maana dada yangu ameshanicheka vya kutosha. Mimi ni fundi cherehani, nina binti wa miaka kumi na mitano, mwembamba, nyumbani tunamwita Sindano, na tangu mwaka juzi haachani na shangazi yake, huyo huyo dada yangu, ambaye ana kibali cha kuwinda na shabaha ambayo wanaume wengi wanaimezea mate, basi siku moja akaniambia, "Baba, na mimi nataka kuwinda kwa upinde, shangazi amekubali kunifundisha, umebaki upinde tu," nami nikafurahi kuliko yeye, kwa sababu huyu ni mtoto asiyeomba kitu, hata kalamu ikiisha wino anaipulizapuliza kwanza.

Dada yangu alikuwa safarini na mimi subira sina, nikaenda mwenyewe kwa muuza vifaa vya mtumba, akanionyesha pinde mbili, mmoja wa ratili ishirini na tano na mwingine wa ratili hamsini, akanieleza kwamba hizo ratili ndizo nguvu za kuuvuta, bei karibu sawa, nami nikafanya ninavyofanya siku zote na nguo za watoto, nikachukua mkubwa ili aukulie. Sare zake zote nimezishona hivyo, pindo refu kwa ndani, kila mwaka naachia kidogo, na kuna sketi moja imemaliza miaka mitatu. Nikarudi nyumbani najiona mjanja.

Alinikumbatia, mshauri. Kila jioni alikuwa anatoka nao uani, akirudi namuuliza, "Vipi, mwanangu?" naye ananijibu, "Mzuri sana, Baba." Wiki ya sita nikatoka kuanika kitambaa nilichokiloweka, nikamkuta amelala chali, nyayo zote mbili zimeukanyaga upinde, anauvuta ugwe, ile kamba yake, kwa mikono yote miwili, amekaza meno, mara mshale ukachomoka ukaingia kwenye gunia la vipande vya nguo alilolitundika ukutani, katikati kabisa! Nikataka kupiga makofi, ndipo nikaona bega limevimba na mkono wa kushoto umevilia damu kwa ndani. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Ulinichagulia mwenyewe, Baba. Sikutaka ujisikie vibaya." Nililia pale pale, mbele ya gunia.

Sasa shangazi mtu amerudi, anasema urudishwe, na muuzaji amekubali kubadilisha, lakini Sindano hataki kusikia, anasema ataushinda tu, na msimu unafunguliwa mwezi ujao na ameahidiwa kwenda. Mwepesi nasikia hauangushi mnyama. Nikiurudisha nitakuwa nimemwambia hawezi, nikiuacha ataumia zaidi. Nifanye nini?

Fundi Mwenye Aibu

*

Fundi, aibu yako iweke kando, kwanza nimsifu binti. Nimefundisha watoto upinde kwa miaka mingi, na wengi huuacha siku ugwe unapowachapa mkono mara ya kwanza. Wako amevumilia wiki sita, akabuni njia yake, gunia akalipata, na juu ya yote akakulinda wewe usiumie moyo. Nimesoma barua yako mara mbili kwa ajili yake tu.

Wewe sasa. Una roho nzuri na haraka mbaya. Sketi ikiwa kubwa, unaikunja. Upinde ukiwa mkubwa, unamkunja mtoto. Hauna pindo, Fundi! Kila jioni anayopigana na ratili hamsini, bega linachakaa na mwili unazoea kuvuta vibaya, na kuja kuusahaulisha ni kazi.

Urudishe kesho, na safari hii nenda na dada yako na binti mwenyewe. Ulizia upinde ambao mikono yake, yaani vile vipande viwili vinavyopinda, inafunguliwa kutoka kwenye mpini. Aanze na mikono ya ratili ishirini hadi ishirini na tano; akipata nguvu, mtanunua mikono tu, mpini ubaki ule ule. Hapo umepata pindo lako. Auvute mpaka shavuni, ahesabu hadi kumi. Akitetemeka, rudisheni rafuni. Kwa kuwa ni mtumba, pitisha vidole kama unavyotafuta kasoro kwenye kitambaa, usikie kama kuna ufa. Na asiufyatue kamwe bila mshale, utapasuka. Mishale usiibanie, inunue inayolingana na upinde huo. Ukitaka kubana, chukua mkoba wa ngozi uliochakaa, umshonee kinga ya mkono na podo la kuwekea mishale. Nani atakushinda hapo?

Msimu huu aende na shangazi yake bila upinde. Mshale dhaifu humjeruhi mnyama, akakimbia akafie mbali kwa mateso, na mwindaji mwenye heshima hataki hilo. Abebe darubini, asome nyayo, ajue upepo unavuma kutoka wapi. Hiyo nayo ni kuwinda, na shangazi mtu atakuambia ndiyo sehemu kubwa zaidi.

Unaogopa atasikia kwamba hawezi. Basi usimwambie hivyo, kwa sababu si kweli. Umenieleza bei, ratili, hadi umri wa sketi, lakini sijaona popote ulipompima huyu mtoto. Wewe, unayepima watu kutwa! Upinde una kipimo kama nguo: anyooshe mikono yote miwili, upime kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kingine, ugawe kwa mbili na nusu. Huo ndio urefu atakaouvuta, na muuzaji lazima aujue.

Kwa hiyo leo, kabla hujagusa upinde ule, vua huo utepe wa kupimia shingoni, umwite uani, na umwambie maneno ambayo fundi hapendi kuyatamka: "Nilikosea kipimo, mwanangu. Njoo nikupime."