Sanamu Shambani kwa Baba

Tokamachi, 24 Februari

Kaka Yasuhei,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi. Naomba mgongo wako uwe umepata nafuu. Mimi ni mzima kiasi. Hicho kiasi nitakieleza. Theluji imefika madirisha ya juu na bado inaanguka.

Mwanao Rikako alipokuja Januari kutazama sanamu za nje, alikuambia ni siku mbili tu. Nilimpeleka kwenye shamba la mpunga la marehemu baba, pale kilimani, ambako mchongaji mmoja, Bi Sarashina, amesimamisha mtu wa chuma aliyeinama akipanda. Tulikuta theluji imeifukia sanamu mpaka shingoni. Mwanao akachukua sepeto, akaifukua asubuhi nzima. Jirani yangu Tokuji alipita, akamwambia chuma hakisikii baridi, bora akamfukulie yeye gari lake. Akaenda, akafukua na gari.

Wakinywa chai, Rikako alimuuliza nani alipanda mpunga pale mara ya mwisho. Tokuji akamjibu ni wewe, mwaka ule ulipogombana na baba ukaondoka. Tukiwa njiani kurudi, mtoto akaniuliza, "Shangazi, mbona baba husema huku hakuna kitu?" Nikamwambia hilo akuulize mwenyewe.

Sasa nikueleze nililokuficha. Siku Rikako aliyotakiwa kurudi kwenu Nagoya, nilipanda paani kuondoa theluji, nikateleza, nikavunjika nyonga. Rikako ndiye aliyenifukua kwenye theluji. Ile likizo yake ndefu niliyokutajia kwenye simu haikuwapo. Kazi ameiacha. Ananiogesha, anapika, paani anapanda yeye, na Tokuji anasema anashika sepeto kama mzaliwa wa hapa. Wiki iliyopita aliniomba alime shamba lile, kuizunguka sanamu. Bi Sarashina amefurahi, nami nimemkubalia bila kukuuliza. Kwa uongo wa likizo naomba radhi. Kwa shamba, siombi.

Najua utataka kuja juu. Usipige simu, kaka. Njoo. Miaka ishirini na mbili inatosha, na baba hayupo tena wa kukufungia mlango. Miche tunaipanda mwishoni mwa Mei. Shamba ni jembamba, mashine haigeuki, na mimi siwezi tena kuinama. Mwanao hajui hata mche unashikwaje. Wa kumfundisha umebaki wewe.

Wifi msalimie sana, na umsomee barua hii yote, usimrukie mstari.

Ni mimi dada yako,
Chiyono