Mtafsiri Hajafika

Karatu, Jumatatu

Dada Sabina,

Bado naisikia ile "shii!" ya shemeji yako mtarajiwa, Modest. Jumamosi alitupeleka sinema Arusha, mimi na mama. Tiketi moja ilikuwa bei ya jogoo. Mama amezoea banda letu la video, ambako mtafsiri hueleza kila kitu na watu hujibizana naye. Filamu ilipoanza kwa Kiingereza, akauliza kwa sauti, "Jamani, mtafsiri hajafika?"

Watu wakacheka. Modest akamgeukia. "Shii! Mama, unanitia aibu."

Mama hakusema tena mpaka tulipofika nyumbani. "Viti vilikuwa laini, mwanangu," akaniambia.

Maharage yamestawi. Jana nilimrudishia Modest pete yake ya uchumba.

Mdogo wako,
Laurencia