Nani Akae Mbele, Mimi au Baba Rachelle?

Mpendwa Shangazi Kansiime, nisaidie kabla sijaharibu nyumba yangu kwa ajili ya kiti cha ndege. Ninakuandikia nikiwa sokoni Mpondwe, nimeegemea marobota ya vitenge, na jirani yangu wa kibanda, Kabugho, amesimama hapa ahakikishe ninaandika, kwa sababu alisema nisipoandika mimi ataandika yeye, na yeye anajua jambo ambalo sikutaka mtu alijue.

Naitwa Martine, kwetu ni Butembo, nilivuka mpaka nikiwa msichana wakati wa vita nikaolewa hapa Bwera na mwanajeshi, Mwacholi wa kaskazini anayeitwa Okot, watu wa kwetu wakashangaa na wa kwao pia, lakini tumekaa pamoja hadi akastaafu jeshi, na sasa analinda hoteli ya watalii kule Mweya, anarudi nyumbani kila mwisho wa mwezi, na ni mtu mzuri, Shangazi, sitaki umfikirie vibaya, hanywi wala hanipigi, ila akishasema neno, basi limesemwa.

Tuna mtoto mmoja tu, Rachelle, yuko Montreal, Kanada, anahudumia wazee wasiojiweza, na sasa ana mimba kubwa baada ya mimba mbili kumtoka, kwa hiyo ana hofu na anatutaka sisi wazazi tuwe naye siku ya kujifungua, na visa zimekwisha kutoka. Mume wake husafiri sana kikazi, kampuni ya ndege imempa pointi, na pointi hizo zinatosha kiti kimoja cha bizinesi, kile kinachokunjuka kikawa kitanda, na kiti kimoja cha ikonomi, kule nyuma ambako watu wanabanana magoti. Rachelle akatupigia simu, Okot alikuwa nyumbani, tukamsikiliza wote wawili, akasema, "Miye siwezi kuchagua kati yenu. Mupatane, kisha munitumie jina ya mbele na jina ya nyuma."

Sijafungua mdomo, Okot akasema, "Hiyo imeisha. Kichwa inakaa mbele, mwili inafuata." Akacheka, halafu akapandisha suruali akanionyesha goti lake la kulia lililopigwa risasi zamani, akasema, "Na hii goti haikunji, unaijua mwenyewe." Na ni kweli, Shangazi, ni mtu mrefu, hata kanisani anaunyoosha ule mguu mpaka wanaokwenda kukomunika wanauruka. Mimi nikamwambia kwamba mtoto nimemzaa mimi, mwenye kukaa mbele ni mimi. Akaniangalia kama mtu asiyenijua, akasema, "Martine, umeanza kupenda ukubwa." Tangu siku hiyo hatuzungumzi vizuri, yeye amerudi Mweya, na huko amekwisha kuwatangazia wenzake wote kwamba atalala kitandani juu ya mawingu, wanamwita Afande wa Mbele, sasa akirudi nyuma ataiweka wapi sura yake?

Lakini jambo lenyewe ni hili. Nilipomzaa Rachelle damu iliganda kwenye mguu wangu wa kushoto, nikalazwa hospitalini Kisinga, nikachomwa sindano nyingi, na daktari akaniambia nikae nikijua kwamba mguu huo unaweza kurudia, hasa nikikaa sana bila kutembea. Ikapita, nikasahau. Sasa tangu mvua hizi zianze mguu umerudi kuvimba, ule mmoja tu, shavu la mguu linauma na lina joto, na mimi nashinda nimekaa sokoni, navaa kitenge kirefu mtu asione. Kabugho aliuona nilipokuwa nanawa miguu, akasema, "Mama Rachelle, huu muguu moja umekuwa kama wa mutu mwingine." Nikamwapisha asiseme. Okot hajui, Rachelle hajui, kwa sababu wakijua watasema nibaki, na miye sitabaki, Shangazi, mtoto wangu amepoteza mimba mbili akiwa peke yake na mimi nilikuwa huku nauza vitenge.

Kwa hiyo nakitaka kiti cha mbele ili niulaze mguu wangu, na siwezi kusema kwa nini nakitaka. Dada mmoja wa kanisani ametushauri tubadilishane katikati ya safari. Rachelle anataka majina wiki hii. Niambie, nani akae mbele, na nikikipata kiti, nimnyang'anyeje bwana yangu bila kuutaja mguu?

Martine, Bwera

SHANGAZI KANSIIME ANAJIBU

Barua hii sikuingoja zamu yake. Martine aliandika namba ya simu chini, nami nilimpigia nikiwa bado nimeishika mkononi. Haya ndiyo niliyomwambia, na niliyachapisha wiki ile kwa ruhusa yake.

Martine mdogo wangu, umeniuliza habari ya viti, mimi nitaanza na mguu. Mguu mmoja uliovimba, unaouma, wenye joto, wa mtu ambaye damu yake iliwahi kuganda, haujafika bado kwenye swali la mbele au nyuma. Uko kwenye swali la kupanda ndege au kutopanda kabisa. Bonge la damu likitoka mguuni likapanda kwenye mapafu halitauliza umekalia kiti gani. Funga kibanda sasa hivi. Kabugho aliyejua kukusukuma uandike barua, akuangalizie vitenge au afuatane nawe. Chukueni boda hadi Kisinga, umwambie daktari kila ulichoniambia, tangu siku ya kujifungua hadi leo, usimpunguzie hata neno. Na pumzi ikikubana au kifua kikikuchoma njiani, waambie mara tu mnapofika, msikae kwenye foleni.

Pole kwa hofu yako. Naielewa. Mama ambaye mtoto wake amelia mbali mara mbili hawezi kusikia neno "baki". Lakini umefanya hesabu mbaya. Unaogopa watakukataza safari, kwa hiyo unataka kusafiri kwa namna ambayo Rachelle anaweza kukupokea uwanja wa ndege ukiwa kwenye machela, na mimba yake ikiwa kubwa hivyo. Huo ndio msaada unaompelekea?

Na Okot unamwonea. Ndiyo, ana maneno ya kambini, na nitamfikia. Lakini unamlaumu kwa kukalia kiti ambacho hajui kuwa unakihitaji. Yeye alipandisha suruali akakuonyesha goti lake. Wewe ulivuta kitenge chini ukamwonyesha kiburi. Alipokuambia unapenda ukubwa, alikuwa anajibu kile ulichomwonyesha. Mpigie simu leo, wewe mwenyewe, asisikie kwa Kabugho wala kwangu.

Sasa viti, maana ulichouliza lazima nikijibu. Daktari akisema usisafiri, pointi zitangoja. Akisema nenda, basi ujue kwamba kitanda cha bizinesi si dawa. Mtu anaweza kulala kule mbele kama gogo kutoka bara hadi bara, damu yake ikasimama, na mwingine akakaa ikonomi, akainuka mara kwa mara, akafika mzima. Kinachokusaidia kule mbele ni nafasi: unainua miguu, unatoka kwenye kiti bila kumruka mtu, huoni haya kumwamsha jirani. Kwako wewe nafasi hiyo ni haja, siyo fahari. Kwa Okot na goti lake ni nafuu kubwa pia, sitamkatalia. Lakini goti lake linauma tu, mguu wako unaweza kuua.

Habari ya kubadilishana katikati ya safari, iacheni. Kiti kina jina la mtu. Mhudumu wa ndege akikataa, na ana haki ya kukataa, mtabaki mnagombana mbele ya wageni. Panga kabla. Umeniambia safari yenu ina ndege mbili: ya kwanza kutoka Entebbe hadi Uarabuni, ya pili kuvuka bahari hadi Montreal, na hiyo ya pili ndiyo ndefu. Mwambie Rachelle aulize, kabla pointi hazijatumika, kama inawezekana Okot awe mbele kwenye ndege ya kwanza na wewe mbele kwenye ya pili. Mara nyingi inawezekana. Kwenye ndege ile anayokaa nyuma, Okot atafutiwe kiti cha kando ya njia, njia ikiwa mkono wake wa kulia, aunyooshe mguu wahudumu wakiwa hawapiti. Asiombe kile cha mlango wa dharura hata kama kina nafasi. Pale wanamtaka mtu wa kuinuka haraka afungue mlango, na goti lisilokunjika halitakubaliwa.

Wewe, mbele au nyuma, usikae dirishani. Uvae soksi za kubana, zile anazokupimia daktari. Unywe maji, uinuke utembee, usimeze dawa ya usingizi hata ukipewa na mtu mwenye huruma.

Na wewe, Afande Okot, najua barua hizi husomwa pia redioni, na redio ya pale getini Mweya inashika kituo chetu. Kichwa kikitangulia mbele na mwili ukabaki nyuma unaumwa, hicho si kichwa tena, hiyo ni ajali. Mkeo ameogopa kukuambia anaumwa. Usiulize kwa nini yeye ni mwoga. Uliza neno lako likishasemwa, mwingine anaweka wapi lake.

Ujumbe ufuatao Martine ameutuma miezi kadhaa baadaye, kutoka Montreal. Ninauweka kama ulivyo.

Shangazi, nilikwenda Kisinga siku ile ile uliyonipigia, Kabugho nyuma yangu kwenye boda ameshika kitenge changu kama mtoto. Wakaupiga mguu picha, wakaona damu imeganda nyuma ya goti. Daktari akaniambia, "Mama, ungepanda ndege na hii, nisingekuahidi kwamba utashuka." Wakanilaza, wakanianzishia dawa.

Nikampigia Okot. Nilitegemea akasirike. Akasema, "Niko nakuja." Mwisho wa mwezi ulikuwa bado, lakini jioni hiyo aliingia wodini na sare yake ya ulinzi, amepewa lifti na gari la samaki. Akafunua kitenge, akautazama mguu.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua."

"Na miye nilikuwa nakuambia habari ya kichwa," akasema, akatoka nje. Nilimwona kupitia dirishani amesimama amewapa watu mgongo. Aliporudi alikuwa amebeba uji, akaninywesha mwenyewe, na watu wote wa wodi wanatazama.

Rachelle alijifungua sisi tukiwa Bwera. Sitakudanganya, hilo liliniuma na bado linaniuma. Nilisikia mtoto akilia kwenye simu, msichana. Nilimsihi Okot atangulie peke yake, akakataa. "Mimi nitamusaidia Rachelle nini? Kulinda mulango?" Tukangoja pamoja.

Daktari aliponiruhusu, na dawa na soksi, Okot ndiye aliyempigia Rachelle. Alisema, "Andika Mama mbele, ndege yote mbili." Mimi nikachukua simu nikasema hapana, kutoka Entebbe Baba yako atakaa mbele, mimi nimekubaliana hivyo na Shangazi. Akakaa mbele. Lakini alikuja nyuma kuniangalia mara nyingi, mpaka mhudumu akamwambia kwa upole akae kwenye kiti chake, na akatii.

Kwenye ndege ya pili nilipewa kile kitanda. Ni kizuri, Shangazi, sitasema uongo. Nililala kidogo. Kisha nikainuka kutembea kama nilivyoagizwa, nikapita pazia hadi mwisho wa ndege, nikamkuta Okot amesimama karibu na vyoo, ameegemea ukuta, amenyoosha goti lake. Nikasimama naye. Tukaongea. Alinisimulia habari za Gulu kwao, za mama yake, mambo ambayo sikuyasikia miaka yote ya Bwera, kwa sababu mtu wa mwisho wa mwezi huja na mambo ya mwisho wa mwezi. Mhudumu akatuletea maji, akaniuliza kama kiti changu kina tatizo. Okot akamjibu kwa niaba yangu, "Huyu mama iko na kazi ya kutembea. Miye ni askari yake." Nilirudi kwenye kitanda, nikakiacha, nikarudi tena nyuma, mpaka wakatuambia tukae kwa sababu ndege inashuka.

Sasa nakuandikia mjukuu amelala kwenye mapaja yangu. Rachelle ameingia, ameniona, amekunja uso.

"Mama, umekaa sana. Simama, mupe Baba mutoto."

Okot amekwisha kunyoosha mikono. Nimempa. Ninatembea hadi dirishani na kurudi.